Mwaka wa msingi Uingereza au mwaka wa kwanza Kilifi? Kisa cha binti wa Kisauni aliyetaka baiolojia

Julai 2025 familia moja ya Kisauni ilikuwa na karatasi mbili na wiki chache za kuamua. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza kikimpa binti yao nafasi ya shahada ya baiolojia ya miaka minne, wa kwanza ukiwa mwaka wa msingi (foundation), yaani wa maandalizi kabla ya shahada yenyewe. Ya pili ilikuwa nafasi ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo Kenya, katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kusomea baiolojia ya bahari na uvuvi. Baba anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Ami yake binti, nduguye baba, anaishi Leicester, Uingereza, na ndiye aliyeahidi sehemu kubwa ya pesa.

Mimi nafundisha kemia na baiolojia hapa Mombasa, na wazazi huniletea barua za vyuo niwasomee kabla ya kuweka sahihi. Hiki nimekiandika kwa ridhaa yao, nikabadilisha vitu viwili vitatu wasijulikane. Matokeo ya binti hayajabadilishwa, maana kisa chote kimesimama juu yake: KCSE ya 2024, mtihani wa kumaliza sekondari, wastani wa B, baiolojia B+, Kiingereza B, kemia C+, hisabati C.

Mjomba na hesabu ya miaka

Aliyewasha moto kikaoni ni mjomba, kaka mkubwa wa mama, mhandisi mstaafu. "Sisi tulitoka form six tukasoma miaka mitatu tukamaliza," alisema. "Huyu aambiwa minne, na wa kwanza hauhesabiwi hata kwenye shahada! Hiyo si biashara hiyo?"

Nusu ya maneno yake ni kweli. Alama za mwaka wa msingi kwa kawaida haziingii katika hesabu ya daraja la shahada. Unaufaulu ili uvuke, basi. Na ni kweli pia kwamba mwanafunzi wa kigeni huulipia karo ya kigeni, kwa hiyo chuo hakiutoi kama sadaka.

Lakini mjomba alisahau miaka miwili ya maisha yake mwenyewe. Yeye alifanya KACE, mtihani wa kidato cha sita, mwaka 1984, chini ya mfumo wa 7-4-2-3: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, halafu mitatu ya chuo. Tume ya elimu ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyopendekeza 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), mfumo ukaanza 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Kidato cha tano na sita kikafutwa. Masomo yake hayakufutwa, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu biokemia kabla hajajua asidi na besi. Sehemu yake ilihamia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na shahada ya Kenya ikawa ya miaka minne badala ya mitatu.

Uingereza hawakuhamisha kitu. Mtoto wao hufanya GCSE akiwa na miaka 16, kisha A-level miaka miwili, kisha shahada ya miaka mitatu (Scotland ndiko minne). Vyuo vingi vya kule huiangalia KCSE vikaiweka jirani na GCSE. Ndiyo maana binti mwenye B ya Kenya, ambaye hapa nyumbani C+ tu ingemtosha kuingia shahada yoyote ambayo masomo yake ya kundi (cluster) yanaruhusu, kule aambiwa aanze na mwaka wa msingi. Hakuna aliyemdharau. Anaambiwa afanye kwa mwaka mmoja kile ambacho mjomba alikifanya kwa miaka miwili.

Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye karatasi, wa msingi mmoja na mitatu upande mmoja, minne ya Kilifi upande wa pili, mjomba akaitazama kwa muda. "Kumbe ni minne kwa minne," akasema. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mengine kabisa. Hakuna njia kati ya zile mbili iliyompotezea binti mwaka. Tofauti ilikuwa mahali pa kuufanyia mwaka ule, kwa pesa ya nani, na nini kinatokea usipoufaulu.

(Watoto wa CBE, mtaala mpya wa Kenya, watakuja na hesabu yao nyingine. Mfumo wa 2-6-3-3-3 unarudisha miaka mitatu ya chuo na unaweka mitatu ya sekondari ya juu. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027. Mzazi wa mtoto aliye gredi ya kumi asikichukue kisa hiki akakipachika kwake kilivyo.)

Gramu 1.8

Kabla ya pesa nilitaka kujua kama binti mwenyewe anauhitaji mwaka huo, barua zikiwekwa kando. Nikamwuliza maswali ya baiolojia. Alinieleza mitokondria, meiosisi na mzunguko wa naitrojeni vizuri kuliko wengi. Msichana huyu husoma, na huuliza.

Kisha nikampa kazi moja ya maabara kwa mdomo. "Una glukosi ya unga, mizani na maji. Nitengenezee mililita 100 za mmumunyo wa 0.1 M."

Akanyamaza. Akaandika C6H12O6. Akaanza kujumlisha: kaboni sita 72, haidrojeni kumi na mbili 12, oksijeni sita 96. Akapata 180, sawa. Hapo akakwama. Alijua kwamba moli moja ni gramu 180. Hakujua afanye nini na 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa kila lita, wala afanye nini na mililita. Tulipofika pamoja kwenye jibu, gramu 1.8 ziyeyushwe kwa maji kidogo kisha ijazwe hadi alama ya 100, akaniuliza swali lililonifurahisha: "Mwalimu, kwa nini nisipime maji mililita 100 kwanza nikamwaga glukosi ndani?" Kwa sababu ujazo wa mwisho utapita 100, na mkolezo hautakuwa ule ulioutaka. Swali kama hilo halitoki kwa mtu aliyekariri.

Kwenye mtihani wa vitendo wa KCSE, karatasi ya tatu yenye alama 40, kemikali huja zikiwa tayari. Mwanafunzi anapewa iodini, Benedict, haidroksidi ya sodiamu na kopasalfeti, anaongeza matone, anasoma rangi: buluu-nyeusi ni wanga, nyekundu ya matofali ni sukari rahisi, zambarau ni protini. Shule nyingi za kwetu mwanafunzi hukutana na testi-tyubu yake mwenyewe mara chache kabla ya mtihani, mara nyingi ni kundi zima limezunguka meza moja na mmoja ndiye anayeshika. Nani alitengeneza ule mmumunyo, na kwa kipimo gani, haimhusu.

Chuoni inamhusu. Wiki za mwanzo za mwaka wa msingi wa baiolojia ni mikropipeti, kupunguza mkolezo hatua kwa hatua, mililita moja ndani ya tisa, tena moja ndani ya tisa, kupaka bakteria kwenye sahani na kuhesabu makoloni kesho yake, halafu kurudisha hesabu nyuma mpaka ujue mililita ya mwanzo ilikuwa na bakteria wangapi. Ukikosea sifuri moja umekosea mara kumi. Juu yake kuna kemia ya moli, asidi, besi na bafa, kemia ya kaboni, takwimu za kutofautisha bahati na ukweli, na kuandika ripoti kwa maneno yako bila kunakili. Sehemu kubwa ya mwaka ule ni kemia na hesabu zilizovaa koti la baiolojia. Na C+ ya kemia pamoja na C ya hisabati ndizo zilizokuwa zinauma hapa, wala si B+ ya baiolojia.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa ndiyo, mwaka huo anauhitaji. Angeuhitaji hata kama hangetoka Kisauni.

Mambo ambayo wakala hakuyasema

Familia ilifika kwenye barua ile kupitia wakala wa mjini. Sina neno baya na mawakala kwa jumla, lakini mzazi ajue kwamba wengi wao hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi anapojiandikisha, kwa hiyo ushauri wao una upande. Huyu alikuwa amewaambia "baiolojia ni baiolojia, akimaliza atafanya kazi popote". Tukaketi na barua tukaisoma mstari kwa mstari.

Kwanza, kuvuka. Barua ilitaka wastani wa asilimia 60 na si chini ya 50 katika kemia ili kuingia mwaka wa kwanza. Vyuo vinatofautiana sana hapa, vingine hutaka 40 tu. Kwa mwenye C+ ya kemia, ile 50 ndiyo mstari wa kutia rangi nyekundu. Niliwaambia wazazi wazi: akipata 46, mtakuwa mmelipa mwaka mzima na mna mtoto Leicester asiye na pa kwenda mpaka arudie au abadilishe kozi, na kila badiliko lina uhamiaji nyuma yake.

Pili, umbo la kozi. Hii ilikuwa ya kuunganishwa, msingi na shahada ndani ya nafasi moja, kwa hiyo viza moja ya miaka yote minne. Kuna ile nyingine ambapo msingi husomwa kwenye kampuni ya maandalizi iliyo karibu na chuo, na mwanafunzi huomba viza ya pili akivuka. Na vyuo kadhaa haviwapokei wanafunzi wa kigeni kwenye mwaka wao wa msingi wa kuunganishwa hata kidogo, vinawasukuma kwa hizo kampuni. Barua yao ilikuwa ya aina nzuri. Hilo nililisema pia.

Tatu, mama. Yeye alikuwa akiona picha ya bintiye amevaa koti jeupe kwenye maabara ya Makadara, pale hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Ilinibidi nimwambie kwamba shahada ya baiolojia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara ya tiba, husajili waliosomea maabara ya tiba katika programu iliyoidhinishwa. Hata kufundisha, TSC, tume ya walimu, itadai elimu ya ualimu juu yake. Baiolojia yenyewe inaelekea kwingine: utafiti, kama kule KMFRI Mkomani, taasisi ya utafiti wa bahari, uhifadhi, uvuvi, viwanda vya chakula na dawa, au shahada ya pili. Mama hakupenda. Binti alisema, kwa adabu lakini bila kusita, "Mama, mimi sikutaka hospitali. Nataka bahari." Ilikuwa mara ya kwanza baba kuyasikia maneno hayo, na ilionekana usoni pake.

Pesa za ami

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, kwa hiyo nitakaa.

Barua ilitaja karo ya pauni 16,500 kwa mwaka wa msingi na 22,000 kwa kila mwaka baada yake. Tulihesabu pauni kwa shilingi 175. Mwaka wa msingi: 2,887,500. Mitatu inayofuata: 11,550,000, kama karo haitapanda, na huwa inapanda. Ada ya afya ya viza wakati ule ilikuwa pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya miaka minne viza hupita miaka minne kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hutozwa minne na nusu: pauni 3,492, zaidi ya laki sita, zinazolipwa zote mara moja siku ya kuomba. Viza yenyewe pauni 524.

Kisha pesa za kujikimu, ambazo viza hudai uonyeshe kwamba unazo benki. Nje ya London ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 10,224 (Novemba ile ile wakaipandisha hadi 1,171). Baba akasema hiyo haiwahusu, binti atakaa kwa ami yake bure, chumba kipo, futari ipo. Kwa maisha ni kweli. Kwa viza si kweli: chumba cha bure cha jamaa hakipunguzi kiasi cha kuonyesha. Walikuwa wametanguliza pauni 4,000 za karo, kwa hiyo iliyobaki kuonyeshwa benki, karo ya mwaka wa msingi pamoja na ya kujikimu, ni 22,724, karibu milioni nne za Kenya.

"Ami anazo," baba akasema. "Taarifa ya benki yake ataileta."

Akaunti ya ami haikubaliki. Pesa lazima ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha uhusiano pamoja na barua ya idhini. Ami anaweza kumpa ndugu yake hizo pesa, hakuna anayekataza, lakini zikishaingia akaunti ya baba zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi hata siku moja, na taarifa ya benki iwe imetolewa si zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Ukitoa elfu kumi za dharura siku ya 20, salio likashuka, unaanza kuhesabu upya.

Watu wa Pwani tunajua kuchangisha. Watu watakutana baada ya Isha, daftari litazunguka, simu zitalia M-Pesa mpaka usiku, na pesa zitapatikana. Lakini zitapatikana wiki ya mwisho, ndiyo desturi yetu, na kanuni ile imetungwa kana kwamba ilimlenga mtu wa namna hiyo hasa. Ami alikuwa ameahidi kutuma "mwanzo wa Agosti". Tukaweka tarehe kwenye kalenda: pesa Agosti 5, siku 28 ziishe Septemba 1, na kati yake safari ya Nairobi kwa treni kutoka Miritini kwenda kupimwa kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, maana Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo cheti hicho hudaiwa. Kisha majibu ya viza wiki kadhaa. Chuo kilitaka awe amefika kabla ya tarehe 29 Septemba.

Ingewezekana kama kila kitu kingenyooka. Nimeona familia zikibahatisha hivyo, nyingine zikafaulu.

Swali lililokuwa gumu zaidi lilitoka kwa binti. "Ami amesema atalipa yote minne?" Kimya. Baba akapiga simu pale pale, spika ikawashwa. Ami akasalimia watu wote mmoja mmoja kama ilivyo ada, akasema kwa moyo mkunjufu kwamba mwaka wa kwanza ni wake wote, na kuanzia wa pili "tutasaidiana inshallah". Hakuna ubaya ndani ya jibu hilo. Lakini mwaka ambao una uhakika wa pesa ulikuwa ule usiohesabiwa kwenye shahada, na ile milioni kumi na moja na nusu haikuwa na mwenyewe. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu Kenya, nayo huwakopesha Wakenya wanaosoma ndani ya Afrika Mashariki, kwa Leicester haina mkono.

Walichoamua

Nikawaeleza njia ambayo wakala hakuwa na sababu ya kuitaja. Aliyemaliza mwaka wa kwanza wa shahada kwenye chuo kinachotambulika Kenya, kwa alama nzuri na masomo yanayofanana, vyuo vingi vya Uingereza humfikiria kuingia mwaka wa kwanza wa miaka mitatu moja kwa moja. Mwaka wa msingi unaweza kufanyika Kilifi, safari ya matatu kutoka nyumbani, kwa gharama iliyo chini ya ada ya afya ya viza peke yake. Kemia ipo, baiolojia ya seli ipo, takwimu zipo. Na akifika mwisho wake akaona Kilifi inamtosha, hajapoteza kitu, yuko mwaka wa pili wa shahada kamili ya bahari.

"Basi Kilifi ndiyo form five na six yake," mjomba akasema. Baba akajibu, "Na si kwa pauni." Pauni 4,000 za utangulizi chuo kilirudisha zikiwa zimekatwa ada ya ofisi, baada ya barua pepe nyingi.

Mimi niliunga mkono uamuzi huo na bado nauunga mkono, lakini haukuwa wa bure. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma nchini waligoma, na mgomo ukaisha mwanzoni mwa Novemba. Binti alikaa Kisauni wiki hizo zote na madaftari ya kidato cha nne. Mhula ulipoanza ulikuwa umebanwa, na mitihani ya mwaka ikasogea mbele. Mwanafunzi wa Uingereza angekuwa ameshamaliza moduli mbili. Anayekwambia njia ya nyumbani haina hatari hajasoma chuo cha umma hapa kwetu.

Kemia ya mhula wa kwanza alipata 61. Nilimwuliza ilikuwaje. Akasema walitengeneza mimumunyo yao wenyewe, watu wanne kwa mizani moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia hesabu wenzake.

Aliomba upya vyuo viwili kupitia UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza. Kimoja kimempa nafasi ya mwaka wa kwanza kwa masharti: hati kamili ya matokeo ya mwaka, wastani usiopungua 60. Cha pili kimerudia yale yale, mwaka wa msingi, hata baada ya kuona alama zake. Kila chuo kina jedwali lake, na ndiyo sababu nawaambia wazazi waandikie ofisi ya udahili moja kwa moja, waulize kuhusu mwaka wa kwanza wa Kenya kwa kozi hiyo hasa, na wapate jibu la maandishi kabla ya kulipa kitu.

Hati ya matokeo haitakuwa tayari kwa Septemba 2026, mgomo ulishakula nafasi hiyo. Chuo kimekubali kuahirisha hadi 2027. Maana yake ni kwamba ataingia akiwa amesoma karibu miaka miwili Kilifi, na hapo familia itabidi iulize upya kama inafaa kuacha shahada katikati kwenda kuanza nyingine ya miaka mitatu. Ruhusa ya kubaki kufanya kazi baada ya shahada, iliyokuwa miaka miwili, wanaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18 tu. Baba ameliweka hilo kwenye hesabu yake. Binti anasema ataamua akimaliza mafunzo ya uwandani ya nyasi za bahari, mwalimu wao amewaahidi wiki ya kuhesabu matawi ndani ya fremu za nusu mita pale ghuba ya Kilifi.

Ami ameshaambiwa. Safari hii, kama ni kwenda, pesa zitaingia akaunti ya baba mwezi Mei.